Daftari la Safari ya Matema

Daftari ni la Tumpe, la hesabu, darasa la tano.
Mbele kuna sehemu na desimali,
vema za mwalimu, na alipokosea, misalaba myekundu.
Nyuma, tukiligeuza juu chini,
ndiko tunakokaa mimi na wewe watoto wakishalala:

Nauli Uyole hadi Kyela, watu wawili.
Kyela hadi Matema; andika na ya bodaboda, ikibidi.
Chumba, siku mbili.
Samaki. Hapo nimeacha wazi,
mbasa hana bei mpaka umtazame jicho.

Miaka kumi na tisa, Enesia.
Wa kwanza tulisema, mwakani.
Wa tatu bati zilipanda na ukuta umeshafika kwenye lenta.
Wa nane tulimpata Tumpe.
Wa kumi na mbili fedha ya safari ilinunua jeneza la baba yangu;
uliihesabu wewe mezani, noti kwa noti,
na kuna neno hukulisema. Nililiona.
Mwaka jana hata sikumbuki.
Viazi vilioza, nadhani.

Safari hii nimepiga simu, nyumba ya wageni ya kanisa.
Nilikuwa dukani, mteja mbele yangu akingoja suruali.
Binti akauliza: Mnakuja wangapi?
Wawili.
Vitanda viwili au kimoja?
Nikamtazama mteja. Mteja akatazama dari.
Kimoja, nikasema,
kama mtu anayeagiza kilo ya misumari.

Nimekusimulia niliyoyasikia: mji mkongwe,
kengele ya wamisionari,
kuta zilizopakwa chokaa juu ya chokaa
mpaka pembe zake zimekuwa duara,
na Jumamosi soko la vyungu,
vinakuja kwa mitumbwi kutoka Ikombe
vimelazwa kwenye majani makavu kama mayai.
Unasema tu: Ziwa nimeliona.

Kweli umeliona. Mimi Mnyakyusa nimelikanyaga mara mbili,
wewe umelitazama utoto mzima
kutoka juu, Makete, nyuma ya kondoo wa mjomba wako.
Mawingu yakifunguka, lilikuwepo kule chini,
dogo, sahani ya bati iliyosahauliwa uani.
Ukarusha jiwe. Ulikuwa na miaka tisa.
Ukatega sikio lisikie linavyodondoka majini.
Bado nasikiliza, uliniambia usiku wa harusi,
nami nikacheka.
Sikujua lile lilikuwa ombi.

Basi tupange. Tarehe kumi na mbili Julai.
Baridi ya Uyole inang'ata masikio
na wewe unakunja khanga nyepesi, unaitoa, unaikunja tena.
Ng'ombe atakamwa na mama Lugano.
Watoto kwa shangazi yao, Iwambi.
Viazi nusu debe, unasema, hatuendi mikono mitupu.
Tunampelekea nani? Matema hatuna ndugu.
Atakayetupikia.
Nimeandika: viazi, nusu debe.

Kuogelea hujui, mimi pia sijui.
Tumekubaliana magotini.
Baadaye, taa imeshazimwa, ukasema: Labda kiunoni.

Leo asubuhi nimekuta mwandiko wako
chini ya jumla, chini ya mstari niliopiga mara mbili:
Chupa tupu, ya lita tano.
Nikauliza ni ya nini.
Hukugeuka, ulikuwa unapuliza mkaa.
Mama naye, ukasema, aliliona kwa juu tu.
Siku hizi hata hayo mawingu hayaoni.

Nimerudi kwenye jumla. Nimefuta, nimeanza upya.
Kwenda, chupa tupu haina nauli.
Kurudi
sijui tuiandike safu gani.