Pingili Moja

Nje ni digrii thelathini na moja chini ya sifuri.
Theluji imeziba kidirisha,
hata sijui kama Saskatoon bado ipo.
Mimi napanda mlima humu humu chini ya nyumba,
baiskeli nimeifunga kwenye mashine, gurudumu la nyuma nimelivua,
naloa jasho na sijasogea hatua
kati ya tanuri na kapu la nguo chafu.

Kisha: tak.

Si kubwa. Kama mtu kakosa ngazi gizani.
Mguu unachomoka, goti linashtuka,
cheni imeruka jino, imekaa tena,
inajifanya si yenyewe.

Jumatatu niliushuku waya wa giya.
Nikazungusha kifundo robo, nikazungusha nusu,
nikarudisha robo. Tak.
Jumanne nikasema kaseti imelegea,
nikaikaza kwa spana ya bwana Hnatiuk wa juu,
aliyenipa spana, na mtungi wa matango ya siki,
na hakuuliza kitu.
Tak.
Jumatano nikapima uchakavu kwa rula,
pini ya kwanza hadi ya ishirini na tano:
inchi kumi na mbili kamili, haijarefuka hata unywele.
Alhamisi nikaitukana.
Tusi halina namba ya spana.

Ijumaa nikafumba macho, nikasikiliza
kama ninavyosikiliza shairi la mtu mwingine
nikiuwinda mzani uliozidi.
Nikakanyaga polepole, nikihesabu kwa mguu wa kulia:
moja, mbili, na kidogo, tak.
Moja, mbili, na kidogo, tak.
Kumbe inakosea palepale!
Kama kijana anayeghani ubeti vizuri
akakwama neno lilelile
kila kibwagizo kinaporudi.
Pingili moja tu, kati ya mia na kumi, haikunji.

Nikahitaji alama. Chaki ilifutika kwa mafuta.
Uzi ulinaswa.
Juu ya mashine ya kufulia, kwenye rafu,
rangi ya kucha ya Mishi, zambarau,
kifuniko kimegandana na shingo:
kule anakotunza wazee usiku wamemkataza kucha za rangi,
chupa haijafunguliwa tangu Oktoba.
Niliifungua kwa koleo.

Nikairudisha cheni nyuma kwa mkono, pingili kwa pingili,
mpaka kwenye kigurudumu cha chini
moja ikapita imesimama, shingo ngumu,
pale wenzake wote walipoinama.
Ni pale nilipoiunga cheni mwenyewe,
nikasukuma pini kwa haraka, nikajisifu.
Fundi nilikuwa mimi.

Nikaipaka. Nikaishika kwa dole gumba mbili,
nikaikunja ubavuni, kushoto, kulia, kidogo tu,
kama kumnyoosha mtu kidole kilichokufa ganzi.
Tone la mafuta. Ikalegea.

Nikapanda. Nikasimama juu ya pedeli, giya nzito,
dakika tano, kumi,
naingoja tak kama mwenye deni angojavyo hodi.
Hakuna. Mvumo wa cheni tu,
na huko juu, miguu ya bwana Hnatiuk ikivuka jikoni.

Saa moja asubuhi Mishi akashuka na koti lake,
kope zina barafu,
akaitazama cheni ikizunguka:
zambarau,
zambarau.
"Hiyo chupa yangu," akasema.

Nikaacha kukanyaga.
Akakaa kwenye ngazi, akavua buti, akavua soksi mbili,
akauweka mguu juu ya gurudumu la mbele.
"Haya. Miguu hawaikagui."