Dakika Kumi na Moja

Pipeline, ghorofa ya tatu, jua haliingii kwa mlango.
Linapenya kati ya jengo letu na lile la Bwana Gichuru,
pale ambapo ukinyoosha mkono unaazima chumvi,
linashuka ukutani kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba,
na saa tano kasorobo linatua kwenye ujia wetu.
Dakika kumi na moja. Nimezihesabu.

Zamani sikujua. Saa hizo nilikuwa kazini,
napanga maboksi ya sabuni Barabara ya Enterprise,
hadi meneja alipotuita watu tisa, akatazama viatu vyake,
akasema mambo ni magumu,
kana kwamba sisi magumu tuliyasikia redioni tu.

Kisha Juni. Mnaijua Juni.
Moshi wa mjini ulitufuata hadi huku ndani ya nguo za vijana,
na simu ikawa kidonda nisichoacha kukikwaruza:
saa nane usiku, saa tisa, kidole kinateleza,
jina, picha, jina, mama analia, jina.
Nikaacha kula. Si kwa kususa. Nilisahau tu
mtu huanzia wapi.

Mutheu, muuguzi wa zahanati, kalamu sikioni,
hakunipa dawa siku ile. Aliniuliza:
"Leo umeona nini ambacho hakikuwa kwenye simu?"
Nikakosa jibu, nikaona haya kama mtoto aliyesahau daftari.
"Basi rudi Alhamisi na kimoja.
Hata kiwe kibaya, mradi umekiona kwa macho yako."

Nikampelekea mwewe:
alishuka Outering akampokonya mwanafunzi chapati,
na mtoto, badala ya kulia, akampigia makofi.
Mutheu alicheka hadi kalamu ikaanguka.
Wiki iliyofuata, mfereji wetu, uliorudi baada ya siku tisa,
ukikohoa, ukitema kutu,
kabla ya kuikumbuka kazi yake.
Halafu hili jua.

Sisemi linaponya. Kodi bado ni tarehe tano.
Kuna usiku kifua hujaa kama gunia lililonyeshewa.
Lakini simu siku hizi hulala ndani ya sufuria,
kifuniko juu, kuanzia saa tatu,
na nikiitamani najiambia: wacha iive.

Na kuna Musyoki, wa Mama Ndinda, mlango namba saba.
Alienda mjini siku ile kwa miguu yake,
akarudi kwa miguu yake,
ila sauti haikurudi naye.
Mamake alimwombea, akamchemshia supu,
akamgombeza, akamwombea tena.
Mimi sikuwa na la kumwambia.
Nilitoa ndoo ya pili, nikaipindua, nikaiweka kando ya yangu.

Wiki mbili ndoo ilikaa bila mtu.
Kisha asubuhi moja nikamkuta juu yake,
kofia ya sweta imemfika machoni,
jua likimpanda magotini, viganjani,
likifichua vumbi hewani, hili vumbi letu la saruji,
liking'aa bila ruhusa ya yeyote.
Hatukuongea. Wa juu alikuwa amefua;
sare ya shule ilitudondoshea shingoni, mmoja baada ya mwingine,
na hakuna aliyehama.

Sasa ng'ambo wanaongeza ghorofa.
Mafundi wanapandisha mawe kwa kamba, wanapigiana mbinja,
na nikipiga hesabu, Desemba haitalikuta jua hili hapa.
Jana nilikuwa nikiwaza hayo, uso umenikunjamana,
nikikiomboleza kitu ambacho bado kilikuwa gotini mwangu,
Musyoki akainuka, akabeba ndoo yake,
akaisogeza hatua mbili kuelekea ngazi.

"Limehama," akasema, kwa sauti yenye kutu.
Kisha akanikazia macho, mimi niliyeganda pale kivulini:
"Nawe sogea."