Vibanio Vitatu

Mjini Valdivia mvua haibishi hodi.
Huingia Aprili kama mkwe asiye haya,
hukaa hadi Septemba,
na nyumba za mbao huvimba kwa ghadhabu:
mlango hung'ang'ania kizingiti,
mtoto wa meza hatoki hata ukimbembeleza.

Bi Herminda hakubembeleza.
Alichukua kipande cha mshumaa
kilichosalia kwenye matanga ya dada yake,
akampaka mtoto wa meza mbavu zote mbili,
akamsukuma kwa kidole kimoja.
"Mbao nazo zina magoti," akasema.
Basi.

Mimi nilikuwa mpangaji wa chumba cha juu,
mwalimu wa hesabu, masanduku mawili,
viatu jozi moja, navyo chapachapa.
Usiku wa kwanza alivitwaa bila kuuliza,
akavishindilia gazeti la jana hadi kooni,
akaviweka karibu na jiko la kuni.
"Karibu, si juu. Ngozi haina haraka."
Asubuhi vilikuwa vikavu,
na soksi yangu ya kushoto ilibeba, kinyumenyume,
matokeo ya mpira.

Nikaanza kujifunza.
Pilipili kavu ndani ya mchele, fukusi wakafunga virago.
Punje za mchele ndani ya chumvi,
chumvi ikamwagika bila kupigwa kichwani.
Kiazi kibichi juu ya kioo cha miwani:
niliingia darasani kutoka kwenye baridi
nikawaona wanafunzi wote,
pamoja na yule aliyekuwa akila.
Maganda ya kiazi hicho hicho hayakutupwa.
Yalianikwa juu ya jiko, yakachomwa Jumamosi
ili bomba la moshi liteme masizi.
(Siki ndani ya birika ilikula chokaa, kweli,
kisha ikala na chai.
Wiki nzima tulikunywa kinyongo
na hakuna aliyekiri.)

"Mikono nimepewa miwili tu," alipenda kusema,
"mingine nimejitengenezea."

Ila hila aliyoithamini kuliko zote
ilikuwa kibanio cha nguo.
Akichomoa pasi, alikibana kwenye ukosi wa koti.
Ndani ya basi, moyo ukimuuliza, je, pasi?
mkono ulipanda shingoni, ukagusa mti,
ukashuka.
Miaka kumi na tisa
hakuwahi kukatisha safari kurudi nyumbani.

Juni ile nilimkuta kwenye soko la mtoni,
pale simba wa baharini hujilaza
wakisubiri vichwa vya samaki.
Mvua ilikuwa ikimchapa,
mwavuli umefungwa mkononi.
Ukosini, vibanio vitatu.

"Hiki pasi," akakigusa.
"Hiki bomba la maji."
Cha tatu alikishika muda mrefu
kama mtu aliyeshika kitasa gizani,
asijue ni chumba cha nani.
Muuza kome akaacha kufunga mzigo,
akasubiri pamoja nasi.

Sikumsaidia. Ningesema nini?
Nilifungua mwavuli wake, tukapanda kilima.

Nyumbani pasi ilikuwa baridi. Bomba limefungwa.
Nilipita chumba hadi chumba
nikinusa kama mbwa wa forodha:
hakuna kilichoungua, hakuna kilichofurika,
paka amelala ndani ya kapu la kuni.
Yeye alikuwa jikoni tayari, akimenya viazi,
akiyapanga maganda kwenye sinia, moja moja,
akininong'onea kwamba leo siki hatii.

Halafu, kando ya jiko, karibu, si juu,
viatu vyangu vipya,
ambavyo sikuvivaa wiki nzima,
vikavu kama biskuti,
vimeshindiliwa gazeti hadi kooni.

Nilikaa sakafuni,
nikalichomoa polepole, nikalikunjua juu ya goti.
Lilikuwa la siku hiyo hiyo.
Hakuna aliyelisoma bado.