Mto wa Saa Sita

Kwenye kibao cha ofisi tumeandika "mto",
kwa kuwa mgeni hanunui mkono wa bahari.
Na sisi wenyewe huku Micheweni, tangu babu zetu,
twauita mto: Mto Mkavu.
Saa sita unakuja, saa sita unakwenda zake,
nyuma umebakisha tope, tondo, na kaa wa gando moja.

Siku ile walikuwa wanne.
Nikawavisha maboya, nikawaonesha kasia:
mkono wa juu usukume, wa chini uvute,
usipigane na maji, hayana ugomvi na wewe.
Mwalimu Atupele, wa Tukuyu, alikaa mbele yangu,
daftari kalifunga ndani ya kilemba.

"Huu mto unaanzia wapi?"
Nikamwonesha nyuma, tulikotoka, baharini.
"Na unaishia wapi?"
Nikamwonesha mbele, kwenye mizizi.
Akacheka. Kwao maji yanashuka mlimani,
yana baridi, yana mawe, yana haraka.
Haya ya kwetu yanapanda.

Tukapanda nayo.
Nikawatajia miti, kama ilivyo kwenye mkataba:
huu mkoko, miguu mingi kama mdaiwa anayetafuta pa kutokea;
huu mchu, unapumulia vidole;
mkandaa, gome lake hutia rangi;
msinzi; na mkomafi, tunda kubwa kama kichwa cha mtoto,
mdomoni halina faida.
"Na hukatwa?" akauliza kijana mwenye kamera.
"Zamani," nikasema.
Neno hilo nalitamka vizuri. Nimelifanyia mazoezi.

Hema mbili, kwenye kichanga pasipofika bamvua.
Muhogo wa kuchoma, changu wawili, chai ya mchaichai.
Wakanisifu chai.

Saa nne usiku mto haukuwapo.
Umeondoka kama mtu aliyeitwa nje mara moja.
Mitumbwi imelala ubavu juu ya tope,
mwezi haujaandama,
na giza lile, ukinyoosha mkono, hurudishiwi.

Ndipo: ko.
Ko. Ko-ko.
Ng'ambo, kwenye misinzi.
Shoka fupi, la mtu asiye na pupa.
Nalijua shoka lile. Mpini wake nimeuchonga mimi,
nikampa Faki wiki aliyomwoa dada yangu.

Atupele akatoa kichwa hemani.
"Nini hiyo?"
"Ndege," nikasema. "Kigong'ota."
Tochi ikawaka. Akaandika.

Pemba hatuna kigong'ota.

Sikulala. Nilimuwaza bwana misitu na kibali changu,
mhuri wake wa buluu, ada niliyoikopa.
Nikawaza boriti ishirini na mbili za dari yangu,
ambazo sikuuliza zilitoka wapi
kwa sababu nilijua.
Ko, likasema shoka. Ko-ko.
Kisha kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya zaidi.

Saa kumi alfajiri maji yakarudi bila hodi,
kwanza kwenye matundu ya kaa, kisha miguuni petu.
Yakaunyanyua mtumbwi wangu.
Yakaunyanyua na mwingine, kule, ulioshiba hadi midomoni,
ukatupita karibu bila taa.
Nikakohoa.
Naye akakohoa.
Tumeshasalimiana.

Ukingoni, jua limetoka, Atupele akanipa mkono.
"Ahsante kwa mto."
Akaenda hatua nne, akageuka,
daftari limerudi kilembani:
"Kwetu, kigong'ota usiku hulala."
Hakusema zaidi. Gari likawaka.

Nikabaki kuosha makasia.
Maboya manne nikayaanika kwenye ua wa makuti.
Tope la mikoko, ukilisugua kwa majivu, linatoka.
Harufu yake ndiyo inayobaki mkononi
mpaka Ijumaa, wakati mwingine
mpaka ile ya pili.