Sindano ya Msumarini

Siku ya tisa tangu Tumpe aende Tukuyu
kumsubiri mjukuu,
niliamka saa kumi na moja alfajiri kutafuta maji ya kunywa
nikayakanyaga.

Dimbwi limejikalia katikati ya jiko,
mgeni asiyepiga hodi.
Nikamsingizia paka wa jirani. Nikatazama dari:
mvua ya Tabata haina adabu, lakini dari kavu.
Nikadeki. Nikalala.
Kesho yake lipo palepale, limenona.

Basi nikafungua kesi, mshtakiwa friji.
Nilikuwa karani bandarini miaka ishirini na sita,
makontena mia kwa zamu, halikupotea hata moja;
nitashindwaje na sanduku moja jeupe
lisilotoka hapa kwenda kokote?

Kwanza mlango. Noti ya elfu mbili nikaibana kwenye mpira,
nikavuta. Ikagoma.
Juu, chini, ubavuni, inagoma tu:
pesa pekee mwezi huu iliyokataa kuniacha.

Pili umeme. Jumatano ulikatika, nikasema barafu imeyeyuka.
Alhamisi haukukatika. Dimbwi likaja.

Nikalisogeza, nikapiga magoti, nikamulika kwa simu.
Kibeseni cha nyuma, pale juu ya kompresa, kikavu kabisa:
vumbi, mguu wa mende, gololi ya mjukuu wa kwanza.
Maji yanayotakiwa kuishia huku hayafiki.
Yanatokea mbele, mlangoni, kama watu wenye heshima zao.

Fundi Shemhilu akaja na begi ambalo hakulifungua.
Akatega sikio ubavuni mwa friji, akafumba macho.
"Gesi, mzee. Elfu themanini."
Gesi gani, na vibua wangu ni mawe?
Akanywa chai, akapokea nauli,
akaandika namba yake ukutani kwa penseli.

Usiku Tumpe akapiga. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo.
Nikashukuru. Nikauliza jina. Nikakohoa.
"Huko salama?"
"Salama. Ila friji lako linakojoa."
Akacheka mpaka mtandao ukakata.
Akapiga tena: "Jumamosi mbili sasa halijazibuliwa.
Ndani, nyuma kabisa, chini ya droo la mboga, kuna tundu.
Maji ya vuguvugu. Sindano ipo msumarini."

Sindano ipo msumarini.
Ile ya kufumia, ncha imekunjwa,
nyuma ya mlango wa jiko tangu tuhamie hapa.
Miaka kumi na moja naitundikia kofia yangu juu yake.
Nilidhani ni ya vitambaa.

Nikatoa droo. Bamia mbili, limau lililosinyaa.
Tundu lenyewe jicho la dagaa.
Nikachokoa: kwanza ute,
kisha jani la mchicha, kisha ganda la kitunguu,
kisha friji likameza mate.
Nikayasikia maji yakishuka mgongoni mwake,
tone, tone, kwenye kibeseni,
sauti ambayo kumbe nyumba hii huitoa kila Jumamosi
mimi nikiwa barazani nabishana matokeo ya mpira.

Asubuhi sakafu kavu, karibu yote.
Palibaki unyevu wa ukubwa wa kiganja;
nikakata kisigino cha kandambili ya zamani,
nikakigawa, nikachomeka chini ya miguu ya mbele,
friji likaegemea nyuma kidogo
kama mtu aliyeshiba.

Nikaiosha sindano, nikairudisha.
Kofia nikaitafutia mahali pengine.
Ndipo nikaanza kuona misumari mingine.
Mmoja una utepe mwekundu.
Mmoja una ufunguo, na kufuli lake silijui.
Dirishani kuna kijiko kimepinda,
kimepindwa kwa makusudi.

Sivigusi.
Daftari langu la bandarini liko mezani,
ukurasa mweupe, tarehe nimeshaandika.
Basi lake linaingia Jumanne.