Shibiri Tatu

Sakafu ya Keko niliipima kwa mkono:
shibiri tatu kwa mtu mmoja.
Ya nne ni ya jirani, na ukiigusa ni vita.
Ligoha, aliyelala kushoto kwangu,
alitamka shubiri. Hatukumsahihisha.

Tulilala ubavu, magoti nyuma ya magoti,
na saa nane usiku nyampara akapiga kofi ukutani:
Geuka!
Watu mia na kitu tukageuka kwa pamoja
kama ukurasa mzito
wa kitabu kisichosomwa na mtu.

Kosa langu nalijua, silifichi.
Mtungi wa gesi, kilo sita,
kibarazani kwa mama Tunu muuza vitumbua, Buguruni Malapa.
Niliuuza elfu ishirini. Nikala siku nne.
Nikakaa ndani miezi mitano nikisubiri tarehe,
tarehe ikisubiri shahidi,
na shahidi, wanasema, kapata uhamisho wa Nachingwea.

Ligoha aliuza soksi mahali palipokatazwa soksi.
Dhamana yake i wazi, alisema hakimu:
wadhamini wawili, barua za mtaa, vitambulisho.
I wazi kama mlango wa benki.
"Ndugu zangu wako Namtumbo," alininong'oneza,
"na hapa mjini anayenijua kwa jina
ni yule mgambo aliyenikamata."

Kisha akaja Bi. Mkwizu wa uangalizi,
viatu vya mvua, faili kwapani.
Alikwenda Kiwalani kwangu bila mimi,
akamuuliza mjumbe, akamuuliza mwenye nyumba,
akavuka hadi kwa mama Tunu mwenyewe:
Unataka afungwe, au unataka mtungi?
Mama Tunu alifikiri mpaka vitumbua vikaungua.
"Vyote," akasema.
Kisha: "Basi. Mtungi."

Hukumu ilisomwa kwa dakika tatu.
Kazi ya jamii, miezi sita, saa nne kila siku,
na elfu tano kila Jumamosi, mkononi mwa mwenye mali.

Usidhani ni huruma.
Gerezani wote wezi, kwa hiyo hakuna mwizi.
Fagio la zahanati halina ukuta wa kukuficha.
Nafagia, anapita mwalimu wangu wa darasa la tatu.
Nazibua mfereji, tope kiunoni,
Msimbazi unarudisha kila tulichoutupia,
na mtoto anamuuliza mama yake, kwa sauti:
Huyu ndiye?
Ndiye.

Wiki ya tisa mama Tunu alikuja na mjukuu mwenye homa.
Akaketi benchini, akanitazama foleni nzima.
Sikuinua uso.
Alipotoka, dawa mkononi,
akaonyesha kwa kidole cha mguu:
"Na pale chini ya benchi umeacha."
Nikafagia chini ya benchi.

Jumamosi ya mwisho alihesabu noti mara mbili,
akafunga vitumbua viwili kwenye gazeti, akanipa.
Nikaona haya, nikaanza kushukuru.
"Mia sita," akasema.
Nikalipa. Nikasubiri chenji.
Sijawahi kununua kitu kwa raha kama ile.

Lakini saa nane usiku mwili bado unasikia kofi.
Nageuka, namgandamiza mke wangu ukutani,
naye ananisukuma kwa kiwiko:
kitanda chote hiki, baba Nasra?
Nalala macho, napima shuka kwa mkono.
Zinabaki shibiri tano, sita.

Zile tatu za kule, najua,
zilipata mtu kesho yake.
Ila usiku ule wa kwanza,
kabla karandinga halijarudi limejaa,
huenda nyampara alipiga kofi
na Ligoha hakugeuka.
Huenda alilala chali.