Picha ya Shamba la Harbatch

Mwaka ule mvua ilitusahau tangu Mei.
Ng'ombe walilamba vyuma vya lango wakitafuta umande,
na Rhodri Pugh akaja na picha aliyoipiga angani
kutoka kwenye kindege chake chenye injini ya kukohoa.
Akaitandaza mezani, kati ya siagi na chumvi.

"Shamba lako hili, Bi. Beddoes."

Sikulitambua.
Siri ya mtungi muulize kata, husema watu;
mimi ndiye kata, nimechota humo miaka arobaini na tisa,
nikilijua kwa nyayo, kwa kiuno,
kwa trekta linaloinama kidogo palepale
kila msimu, karibu na mwaloni.
Sikupata kulitazama kama mwewe.

Shayiri yote ilikauka, rangi ya mkate,
ila duara moja la kijani
na duara jingine ndani yake,
na mwanya upande wa mashariki: mlango
wa watu waliotaka jua liwaamshe.

"Handaki," akasema. "Lilijaa udongo mwororo,
kidogo kidogo, enzi juu ya enzi.
Mizizi ikifika pale hukuta bado kuna maji."

Kumbe.
Baba alisema ni mbolea.
Marehemu mume wangu, bahati.
Mimi nililaumu trekta.

Kidole chake kikahamia pembeni, kwenye mstatili
ulionyooka, kijani kuliko vyote.
"Na hapa? Huenda kaburi la mtemi. Ningependa kuchimba."

Nikamwaga chai iliyopoa, nikamimina nyingine.
Hapo, nikamwambia, usichimbe.
Hapo ni Novemba ya sitini na saba,
ugonjwa wa miguu na midomo,
ng'ombe sabini na wawili.
Bunduki zililia tangu alfajiri
na baba akawataja mmoja mmoja,
Blodwen, Mabel, Olwen, yule mweupe wa mama,
mpaka sauti ikamkauka. Kisha chokaa. Kisha udongo.
Hakusema neno hadi Krismasi.

Rhodri aliandika kitu daftarini,
akakikata.

Tulivuna wiki iliyofuata, mavuno haba.
Karibu na mwaloni mashine ikainama,
na safari hii nami nikainamisha kichwa,
ingawa sijui nilimwamkia nani.
Pembeni kule sikufika.
Shayiri ya Olwen na wenzake ilisimama hadi theluji,
ikaliwa na kunguru.